Jiko la mikebe, moto wa kubeba mkononi



Juma hili ukurasa wa jikoni hautasema habari ya sombe wala ya kitoweo. Utasema habari ya moto wenyewe. Mavuno ya maharagwe yanakaribia, na wengi wetu tutapanda tena kwenye mashamba ya mbali, tulale huko juma moja au mawili chini ya shitingi, watoto wakiwa mgongoni. Mara tatu sasa tumeulizwa swali lile lile mlangoni baada ya mkutano: "Lile jiko lenu la mikebe, mulilitengenezaka namna gani?" Tumejibu kwa haraka haraka, tukiwa tumesimama, na mama mmoja alikwenda kulijaribu akaunguza mkebe mzima siku ya kwanza. Kosa lilikuwa letu. Basi tuandike vizuri.

Tuanze na sababu. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, siku ya posho magaribi, Nyiragongo ililipuka, na lava ikashuka mpaka pembeni ya mji wa Goma. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka bila kupumzika. Tarehe 27, siku ya nne asubuhi, serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji iondoke, na sisi tukashika njia ya Sake kwa miguu pamoja na maelfu ya watu. Kila mama alibeba alichoweza: godoro, bidoni, sufuria, mtoto. Unga tulikuwa nao. Maharagwe tulikuwa nayo. Moto hatukuwa nao. Babula za makala tulikuwa tumeziacha nyumbani, maana ni nzito, na anayekimbia hawezi kubeba udongo kichwani. Kule tulilala chini ya mashitingi, tukapika juu ya mawe matatu kwenye ardhi yenye maji, kuni zikiuzwa bei ambayo hatutaki kuikumbuka. Tulipika mara moja kwa siku. Watoto walikunywa uji wa baridi asubuhi.

Pembeni yetu alikaa mama mmoja aliyetoka upande wa Masisi. Yeye alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga aliokuwa ameutoboa chini na kuukata mdomo ubavuni, na kwa vijiti vya kuokota tu alikuwa anachemsha uji wa watoto wake watatu asubuhi na magaribi. Tulimtazama siku mbili bila kusema. Siku ya tatu tukaomba atufundishe. Jiko letu la leo ni mtoto wa mkebe ule.

Tuseme kweli, jiko la namna hii si sisi tuliolivumbua, wala yule mama. Mwamerika mmoja, Larry Winiarski, pamoja na wenzake wa kituo cha Aprovecho kule Oregon, Marekani, walipanga kanuni zake katika miaka ya 1980, na tangu wakati ule limetengenezwa kwa mikebe, kwa matofali na kwa udongo katika nchi nyingi. Kanuni yenyewe mama yeyote anaweza kuielewa. Moshi ni kuni ambayo haijaungua. Ukiona moshi mwingi unapanda, ujue unaona kuni zako zikiruka hewani, nusu ya pesa yako inakwenda mawinguni na nusu nyingine inaingia machoni. Lakini moshi huo ukipita katika bomba fupi lenye joto kali, na hewa ikiwa inaingia vizuri kutoka chini, moshi nao unashika moto kabla ya kufika kwenye sufuria. Ndiyo maana jiko hili lina sura ya herufi L: kuni zinaingia kwa ubavu, moto unapanda wima.

Sasa matengenezo. Tafuta mkebe mkubwa wa bati wenye upana wa sentimeta 18 hivi na urefu wa kama 24. Mkebe wa mafuta ya kupikia wa litre 4 au 5 unafaa, na ule mkubwa wa maziwa ya unga unafaa pia. Huo ndio mwili wa jiko. Tafuta tena mikebe myembamba, upana wa sentimeta 10 karibu, ya maziwa au ya tomati. Miwili utaitoa chini na juu na kuiunganisha wima iwe bomba la moto ndani ya ule mkubwa. Wa tatu utakuwa kinywa, pale kuni zinapoingia. Ikiwa una mmoja mrefu wa kutosha, hauna haja ya kuunganisha miwili. Bomba liwe na urefu wa mara mbili ya upana wake au zaidi kidogo. Likiwa fupi sana moto hauvuti hewa. Likiwa refu sana joto linachoka kabla ya kufika.

Kwenye ubavu wa mkebe mkubwa, vidole viwili juu ya chini yake, weka kinywa cha mkebe mwembamba na uchore duara kwa msumari. Kata ndani ya duara, siyo juu ya mstari, kwa sababu tundu likizidi ukubwa haliwezi tena kuwa dogo. Sisi tunatumia mkasi wa fundi wa bati. Asiye nao atoboe vitundu vingi kwa msumari na nyundo kufuata duara, halafu apige katikati. Fanya tundu lingine kama hilo kwenye bomba la ndani, chini yake. Kisha ingiza mkebe wa kinywa kupitia ukuta wa nje mpaka uingie ndani ya bomba. Vaa kitambaa kizito mikononi. Bati lililokatwa ni kisu, na watoto wanapenda kuokota vipande vyake kwa ajili ya kuchezea, basi vihesabu na uvitupe kwenye choo kabla haujaendelea na kazi nyingine.

Ndani ya kinywa weka kipande cha bati bapa kama kitanda kidogo, kikigawanya kinywa sehemu mbili: juu nafasi kubwa ya kuni, chini nafasi ndogo ya hewa. Wengi wanaruka sehemu hii kwa sababu inaonekana kuwa kitu kidogo. Yule mama aliyeunguza mkebe wake alikuwa ameiruka. Bila kitanda kile, kuni zinalala chini kabisa, zinaziba njia ya hewa, moto unarudi nyuma na kutokea kinywani badala ya kupanda.

Na sasa nafasi iliyobaki kati ya bomba na mkebe mkubwa. Hapa tulikosea vibaya mwanzoni. Sisi tunaishi juu ya mawe ya volkano, mawe tunayo bure mbele ya mlango, basi tulisaga mawe na kujaza. Jiko likawa zuri kwa macho. Tulilipima kwenye mizani ya soko: kilo 6. Mama aliyelibeba mpaka shambani alilitua njiani mara nne, na mwisho akasema heri babula yake. Tena likawa linachelewa kupata moto, kwa kuwa jiwe linakula joto. Robo saa ya kwanza ulikuwa unapikia mawe, siyo maharagwe. Udongo na mchanga vina tabia hiyo hiyo. Mwaka uliofuata tulimwaga mawe yote, tukajaza majivu makavu ya kuni yaliyochekechwa. Majivu ni mepesi, yamejaa hewa, hayapitishi joto upesi. Jiko lile lile likashuka mpaka kilo 3, na ukuta wake wa nje haukuwa tena wa kutuunguza kama mwanzo. Juu ya majivu funika kwa kipande cha bati chenye tundu katikati, kikae kama kola ya shati, na ukunje meno yake chini ili majivu yasimwagike njiani. Majivu yakilowana yanakuwa mazito na yanakula bati; mvua ikiyaingia yamwage, uweke mengine.

Mwisho, vishikio vitatu vya sufuria juu ya bomba: misumari mirefu iliyokunjwa au vipande vya chuma cha fereji. Viinue sufuria kama sentimeta moja na nusu mpaka mbili. Sufuria ikikaa juu ya bomba kabisa, moto unakosa mahali pa kutokea na unazimika. Ikiinuka sana, upepo ndio unaopika. Tia mkono wa waya wa kubebea, na kazi imekwisha. Ukiwa njiani, jiko linaingia ndani ya sufuria kubwa, kitanda cha bati na kiberiti vikiwa ndani ya kinywa chake, na mzigo unakuwa mmoja.

Maneno mawili juu ya bati. La kwanza, usitumie bati la kuezekea nyumba kwa sehemu yoyote inayoguswa na moto. Limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi wenye sumu unaoleta homa na kifua. Vilevile sufuria ya zamani ya aluminiamu haifai kuwa bomba, kwa sababu inalegea na kuyeyuka. La pili, mkebe wenye rangi au maandishi uuchome kwanza mtupu, nje, mbali na watoto, mpaka rangi iishe, kabla ya kuupikia chakula. Na msidanganyike: mkebe ni mwembamba. Kwa kupika kila siku bomba la ndani litatoboka baada ya miezi michache. Mkebe wa nje unabaki, bomba unabadilisha. Ndiyo sababu hatulifungi kwa kulehemu.

Namna ya kuliwasha inataka uvumilivu kwa mama aliyezoea mawe matatu. Jiko hili halipendi gogo. Linapenda vijiti vya unene wa kidole gumba, vikavu, viwili au vitatu kwa mara moja, ncha tu zikiwa ndani ya moto. Ncha zikiungua unasukuma kidogo. Ukijaza kinywa chote, utapata moshi na machozi, halafu utasema jiko ni baya. Mwenzetu mmoja anasema ni kama kulisha mtoto mchanga: kidogo kidogo, mara nyingi. Kweli linataka mtu akae karibu. Hauwezi kuliacha ukaenda kung'oa maharagwe mstari mzima. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kulisukumia vijiti, na vijiti vyenyewe anaviokota pembeni ya shamba bila panga.

Hilo la kuokota tunalitia uzito. Wamama wa sehemu zetu wanajua ni nini kuingia porini kutafuta kuni. Wengine wamepigwa huko, wengine wamefanyiwa mambo ambayo hawayasemi hata kwa dada zao. Na msitu wenyewe ni wa mbuga ya Virunga, ambayo iliwekwa tangu mwaka 1925, na unakatwa kila siku kwa ajili ya makala tunayonunua sisi mjini. Tulifanya jaribio letu wenyewe, si la wataalamu: sufuria moja, maji yale yale, maharagwe kiasi kile kile, siku moja juu ya mawe matatu na siku ya pili juu ya jiko la mikebe. Kuni tulizipima kabla na baada. Zilizotumika kwenye jiko zilikuwa karibu nusu ya zile za mawe. Kwa mama anayekwenda porini mara mbili kwa juma, nusu ni safari moja ambayo haiendi.

Lakini maharagwe yenyewe ni shida nyingine. Kule juu tunakolima, kama mita 2000 juu ya bahari, maji yanachemka kabla ya kufika digri 100, kwenye digri 93 hivi, na hata Goma ni kama 95. Yanachemka mbele yako na bado hayana joto la kutosha kuivisha upesi. Dada zetu wa Uvira hawaelewi kwa nini tunalalamika! Dawa yake ni hii: yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya, yachemshe kwa moto mkali dakika 30 nzima, sufuria ikiwa imefunikwa vizuri. Halafu ondoa sufuria motoni bila kufungua kifuniko, izungushie blanketi ya zamani na majani makavu ya migomba ndani ya kikapu au shimo kavu, uiache saa tatu au nne. Yanaendelea kuiva yenyewe wakati wewe uko shambani. Jioni unayarudisha motoni, yachemke tena, unatia chumvi na kitunguu. Zile dakika 30 za kuchemka sana msizipunguze, maana maharagwe ya rangi nyekundu yaliyopashwa moto nusu nusu yanasumbua tumbo vibaya, watu wanatapika.

Kuhusu bugali, tusifiche kitu. Jiko hili ni jepesi, na bugali inataka nguvu. Mama akianza kukoroga, jiko linacheza. Juma la kwanza shambani tulimwaga sufuria nzima ya maji yanayochemka, na ilikuwa neema tu kwamba hakuna mtoto aliyekuwa karibu. Tangu siku ile tunafanya hivi: tunachimba ardhi kidogo, vidole viwili tu, tunasimamisha jiko humo bila kuziba kinywa chake, tunalibana kwa mawe makubwa matatu pande zote. Na kabla ya kukoroga sana, tunashusha sufuria chini, tunakoroga pale mtu mwingine akishika masikio yake kwa kitambaa, halafu tunairudisha motoni kwa dakika chache. Kwa sufuria ya watu zaidi ya sita halifai. Hapo bado tunatumia mawe matatu.

Na kwa kuwa tumetaja maji ya moto: mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20, hata akilia. Usimpake dawa ya meno, mafuta, wala yai. Jeraha likizidi kiganja chake, au likiwa usoni, mpeleke kwa munganga siku ile ile.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike ukurasa huu kwa urefu hivi.

Mavuno ya mwezi wa kwanza mvua ilitukamata kule juu. Ilinyesha toka magaribi mpaka usiku wa manane, baridi ikaingia mifupani. Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto wa miezi saba na mwingine wa miaka mitano. Nepi zote zilikuwa zimelowana. Alikuwa amebeba babula ndogo na makala kidogo, na akafanya kile ambacho kila mama angeweza kufanya: alisubiri makala yawe mekundu, yasiyo na moshi tena, akaingiza babula ndani ya hema, akafunga shitingi ili upepo usipite, akatandika nepi pembeni zikauke. Watoto wakalala. Naye akalala.

Aliamka kwa sababu mkubwa alitapika. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kinapasuka. Alifikiri ni malaria, au labda ni chakula. Alitaka kusimama, miguu ikakataa. Anasema alijua lazima afike mlangoni lakini hakukumbuka mlango uko upande gani, ndani ya hema la mita tatu. Alianguka juu ya shitingi, kamba ikakatika, na sisi wa hema la jirani tulisikia kishindo. Tulipoingia mchanga alikuwa amelegea kama kitambaa. Tulimtoa nje kwenye mvua. Tulimsugua mgongo, tukamwita jina lake. Alilia baada ya muda ambao hatukuupima, na hatujawahi kusikia kilio kizuri kama kile. Asubuhi tuliwashusha wote watatu mpaka kituo cha afya kwa motari. Leo mtoto yule anatembea, na mama yake ndiye aliyetuambia, "Andikeni, lakini jina langu liacheni."

Watu wa Goma tunajua mazuku. Tunajua kwamba upande wa Mugunga na Bulengo, katika mabonde karibu na ziwa, kuna hewa mbaya inayotoka ardhini na kuua mbuzi na watoto, na tunawafundisha watoto wasicheze mashimoni asubuhi. Hewa ile ya mazuku ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana inalala chini. Hewa ya makala ni nyingine. Inaitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, na uzito wake ni karibu sawa na hewa tunayovuta, basi inajaa hema lote, chini na juu. Kulala juu ya kitanda hakukusaidii. Inashika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoishika, na damu iliyoshikwa hivyo haibebi tena uhai. Kosa letu kubwa ni kufikiri kwamba sumu iko ndani ya moshi, na kwamba makala yakiwa mekundu bila moshi ni salama. Ni kinyume. Makala mekundu mahali palipofungwa ndiyo hatari yenyewe. Na makaa ya vijiti vyetu ndani ya jiko la mikebe ni yale yale. Jiko letu linapunguza moshi. Halipunguzi hatari hiyo ukiliingiza ndani.

Kwa hiyo jiko linakaa nje. Hatua nne kutoka kwenye hema, upande ambao upepo hauleti cheche juu ya shitingi, kwa kuwa shitingi ni plastiki: inashika moto upesi, na matone yake yanaganda kwenye ngozi. Kama mvua inanyesha, jenga paa la jikoni la miti minne na majani au bati, juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, pande zote wazi. Hiyo ni kazi ya saa moja siku mnapofika, na waume au vijana waliotusindikiza wanaweza kuifanya kabla ya kurudi. Usiku makaa yanazimwa kwa maji, hayafunikwi tu na majivu.

Mtu mmoja alituuliza kwa nini basi wazungu wanaweka majiko ndani ya mahema yao. Ni kweli, Kanada na sehemu za baridi za Marekani wawindaji wanalala na jiko la kuni ndani. Lakini hema lao ni la turubai nene, jiko lao limefungwa pande zote lina mlango, na lina bomba refu la chuma linalotoa moshi juu ya paa kupitia kitambaa kisichoshika moto, na hewa inaachiwa njia ya kuingia. Hata hivyo watu bado wanakufa huko. Sisi wenye shitingi na mikebe tusijaribu.

Na baridi? Swali la haki. Chemsha maji kabla ya kulala, yaache yapoe kidogo mpaka mkono uweze kuvumilia, yatie ndani ya chupa inayofunga vizuri, izungushie kitambaa, uiweke miguuni mwa watoto. Inashika joto saa kadhaa. Jiwe lililokaa karibu na moto likafungwa katika kitambaa kizito linafanya kazi hiyo pia, ila lipime kwa shavu lako kwanza. Chini ya mkeka weka majani makavu mengi, kwa sababu baridi kubwa ya hema inatoka ardhini. Nepi zikaushe mchana, juu ya kamba chini ya paa la jikoni, hata zikitoka na harufu ya moshi.

Ukiona watu wa hema moja wanaumwa kichwa wote pamoja, wanalewa bila pombe, wanatapika bila homa, usitafute aliyewaroga na usiwape maziwa. Maziwa hayatoi sumu hii. Watoe nje kwenye hewa, wote, hata anayesema yuko mzima, na muwapeleke lopitali kwa sababu wanahitaji oksijeni. Mama mwenye mimba apelekwe hata kama yeye mwenyewe hajisikii vibaya. Mtoto wa tumboni anaumia zaidi kuliko yeye.

Siku ya nne inayokuja, saa nane, tutatengeneza majiko matano katika salle yetu ya mikutano. Kila mmoja alete mkebe mkubwa mmoja, mikebe myembamba mitatu, msumari wa inchi nne na kitambaa cha kushikia. Majivu tunayo. Mkasi wa bati tunao mmoja tu, uliokwisha meno, basi mama mwenye mume fundi amwombe ule wa kwake kwa saa mbili. Wale wanaopanda shambani siku ya posho watashughulikiwa kwanza. Watoto wadogo wabaki nyumbani siku hiyo, kwa ajili ya vipande vya bati.

Na babula ya yule mwenzetu, ikiwa mnauliza, iko hapa salleni. Tumeigeuza kinywa chini, tunawekea juu yake bidoni ya maji ya kunawa mikono.